Programu ya Nota Imegoma? Dalili, Visababishi na Tiba kwa Walimu wa Kwaya Tabora

Kuanzia mwezi wa kumi, joto la Tabora likiwa bado halijapozwa na mvua, simu za walimu wa kwaya huanza kuita. Krismasi inakaribia, nyimbo mpya zinatakiwa, wanakwaya wanaulizia nota, na kompyuta ya kanisa "imegoma". Malalamiko ni yaleyale kila mwaka: "Mwalimu, hii programu imeharibika, nimeifuta nikaiweka upya, wapi!"

Kufuta na kuweka upya ndiyo dawa inayokimbiliwa kwanza na ndiyo inayoponya machache kuliko zote. Kwa anayeishi Sikonge au Kaliua na kutegemea kifurushi cha simu, ni dawa ya ghali pia. Programu ya kuandikia nota haijui ulichokusudia, inapiga ulichoandika. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, fungua wimbo mpya mtupu, andika nota nne, bonyeza kitufe cha nafasi usikilize. Zikilia vizuri, kompyuta na programu ni nzima, na ugonjwa umo ndani ya wimbo wako. Zisipolia, ugonjwa uko kwenye njia ya sauti, na wimbo wako hauna kosa. Usiendelee kusoma kabla ya kufanya jaribio hilo, maana nusu ya yaliyomo humu huenda hayakuhusu.

Nitazungumzia zaidi MuseScore, kwa kuwa ni ya bure na inatosha kabisa kwa kazi ya kwaya. Wenye Finale, programu nyingine ya nota, wana sehemu yao mbele, na wasiiruke.

Programu inadai pesa

Haidai. MuseScore unayoipakua kutoka musescore.org haina malipo, haina siku za majaribio, haina namba ya siri ya kununua. Kinachodai pesa ni tovuti nyingine yenye jina linalofanana, musescore.com, ambako watu huweka nota zao, na kupakua nyingi kati yake kunahitaji kujiunga kwa malipo. Wengi huishia huko, wakaona bei, wakarudi kwa kijana wa flashi aliye na programu iliyovunjwa kufuli. Pamoja na programu hiyo huingia kirusi, na baada ya wiki mbili kinga ya kompyuta inaifuta programu yenyewe. Kwa kitu ambacho ni bure tangu mwanzo, huo ni mzigo wa kujitwisha.

Kompyuta ikiwa ya zamani, usilazimishe toleo la 4. Linahitaji mfumo wa biti 64 na kumbukumbu ya kutosha. Kwenye mashine ya gigabaiti 2 litakwenda kwa kusuasua hadi ulichukie. Toleo la 3.6 linaandika nota zilezile, na mwanakwaya aliyeshika karatasi hawezi kuona tofauti. Angalia tu jambo moja: faili la toleo la 4 halifunguki kwenye toleo la 3. Mwenzako wa Nzega akikuambia faili lako "limekufa", muulize kwanza anatumia toleo gani.

Kimya kabisa

Tazama mstari unaotembea juu ya nota unapopiga wimbo. Ukitembea lakini husikii kitu, programu inapiga na sauti inapotelea njiani. Usipotembea, programu imeshindwa kukipata kifaa cha sauti.

Hali ya kwanza ndiyo ya kila siku. Kompyuta iliunganishwa na projekta kwa waya wa HDMI Jumapili, na Windows ikahamishia sauti huko, kwenye projekta isiyo na spika au ambayo spika yake imezimwa. Au ilizoeshwa spika ya bluetooth iliyobaki sakristia. Bonyeza alama ya spika chini kulia ya skrini, chagua spika za kompyuta yenyewe, kisha funga programu na uifungue tena. Ikiwa ni sauti moja tu isiyosikika, tuseme alto, bonyeza F10 ufungue kichanganya sauti. Utakuta alto imezimwa kwa alama ya M, au mtu amewasha S kwenye soprano alipokuwa akiisikiliza peke yake, na S moja ikiwaka hunyamazisha wengine wote.

Hali ya pili, ya mstari usiotembea, nenda kwenye mapendeleo ya programu, sehemu ya sauti, uchague kifaa upya. Ikishindikana, zima kompyuta uiwashe. Mara nyingi hapo inakwisha.

Wimbo wa sherehe unakwenda mwendo wa maziko

Hili naliweka peke yake na kwa urefu, kwa sababu linapoteza muda wa watunzi wazuri kuliko tatizo jingine lolote, na halihusiani na kompyuta hata kidogo.

Nyimbo nyingi zinazofuata mdundo wa ngoma huandikwa kwa 6/8. Mtunzi anapiga makofi, anahesabu makofi 60 kwa dakika, anakwenda kuandika juu ya wimbo: robo = 60, yaani nota za robo 60 kwa dakika. Anabonyeza kitufe, wimbo unajivuta. Anaongeza hadi 75, bado. Anaamua programu ina kasoro.

Hesabu ni hii. Baa ya 6/8 ina nota sita za thumuni, yaani robo tatu. Ukisema robo = 60, kila robo inachukua sekunde moja, na baa nzima inachukua sekunde tatu. Lakini kofi lako halipigwi kwenye robo. Linapigwa kwenye robo yenye nukta, yaani thumuni tatu, mara mbili kwa baa, na ulitaka baa ikamilike kwa sekunde mbili. Umeiomba kompyuta mapigo 40 huku mkono wako ukipiga 60. Tiba ni kubadilisha alama ya mwendo iwe robo yenye nukta = 60. Alama hiyo ipo tayari kwenye ghala la alama za mwendo; usiiandike kwa maneno ya kawaida, programu haitaisoma.

Ukiwa hapo hapo, angalia jinsi thumuni zilivyofungwa pamoja. Katika 6/8 zinafungwa tatu tatu. Ukiona zimefungwa mbili mbili, umeandika 3/4 bila kujua, na mpiga kinanda atausoma wimbo kama waltz, dansi ya mapigo matatu. Ngoma zetu mara nyingi hucheza na hizo mbili kwa pamoja, waimbaji wakipiga mbili na ngoma ikipiga tatu. Wapo wanaobadilisha alama ya vipigo kila baa ili kuonyesha hilo. Mimi sipendi. Waimbaji wanachanganyikiwa na karatasi inachafuka. Acha sauti zote kwenye 6/8, na mstari wa ngoma uandike robo tatu ndani ya 6/8 hiyohiyo. Kompyuta itaupiga sawasawa.

Mwendo ukiwa sahihi na bado wimbo unasimama mahali fulani, tafuta alama ya kushikilia nota. Huongeza muda wakati wa kupiga hata kama uliiweka kwa pambo tu.

Kiitikio hakirudiwi

Umeandika "D.C. al Fine" (rudi mwanzo, imba hadi "Fine") mwisho wa mashairi na "Fine" mwisho wa kiitikio, kwenye karatasi vinaonekana vizuri, lakini kompyuta inafika mwisho na kunyamaza. Uliyaandika kama maandishi ya kawaida kwa Ctrl+T. Kwa macho ya binadamu hayo ni maagizo. Kwa programu ni mapambo. Yafute, kisha uyachukue kutoka ghala la alama za marudio. Hakikisha pia kitufe cha kupiga marudio, karibu na kile cha kuchezea wimbo, kimewashwa.

Teno inalia juu pamoja na soprano

Mstari wa teno umepewa ufunguo wa G wa kawaida. Teno huandikwa kwa ufunguo wa G wenye namba 8 ndogo chini yake, na hiyo 8 ndiyo inayoiambia kompyuta ishushe sauti oktavu moja. Burura ufunguo wenye 8 uuweke mwanzo wa mstari. Nota zote zitaruka juu ya mistari na utadhani umeharibu kila kitu. Hujaharibu: programu imelinda sauti uliyokuwa umeiandika, nayo ilikuwa juu. Chagua mstari wote wa teno, bonyeza Ctrl na mshale wa chini mara moja, zitarudi mahali pake na sasa zitalia sauti ya kiume.

Nota zinazogeuka rangi ya manjano iliyokoza au nyekundu hazina hitilafu. Ni programu inakuonya kwamba umemtoa mwimbaji nje ya eneo la kawaida la sauti yake. Rangi hiyo haichapishwi. Onyo lenyewe ni la kusikilizwa, hasa kwa besi, kwa sababu kompyuta itaipiga nota ya chini kwa raha na vijana wako watabaki wanaguguma.

Alto haikubali kushika nota wakati soprano inatembea

Umeandika soprano na alto kwenye mistari mitano ileile, na zote ziko kwenye sauti namba 1. Kwa programu, hizo si sauti mbili, ni kodi moja kama ya kinanda, yaani nota zinazopigwa kwa pamoja, na nota za kodi lazima ziwe na urefu mmoja. Kila mistari mitano inaruhusu sauti nne zinazojitegemea, na rangi inakuonyesha uko wapi: bluu ni ya 1, kijani ya 2. Bonyeza nota yoyote ya alto. Ikiwa bluu, ndiyo chanzo. Soprano ibaki 1, alto iwe 2. Chini, teno iwe 1 na besi 2. Kwa nota zilizokwishaandikwa, chagua zile za alto kisha bonyeza Ctrl+Alt+2.

Lakini ushauri wangu kwa anayeanza ni kutumia mistari minne, kila sauti na wake. Karatasi zitaongezeka, kweli, na steshenari watafurahi. Faida yake utaiona utakapotaka kutengeneza sauti za mazoezi: unafungua kichanganya sauti, unapandisha besi, unashusha wengine, unahifadhi kama faili la sauti na kuwatumia besi wa Urambo kwa WhatsApp. Unaposikiliza ukaona nota za haraka zinamezwa, ondoa sauti ya kwaya ya kompyuta inayosema "aaa"; inachelewa kuamka. Weka piano. Haipendezi sana, ila kila nota inasikika.

Maneno yanahama, yanapandana au yanakwisha kabla ya nota

Kwanza, uliyaandikaje? Yakiwa yameandikwa kwa Ctrl+T, hayajashikamana na nota, na ukiongeza baa moja yote yanapotea njia. Maneno ya wimbo huandikwa kwa Ctrl+L, ukiwa umechagua nota ya kwanza. Nafasi inakupeleka kwenye neno linalofuata, kistari kinakupeleka kwenye silabi inayofuata ya neno lilelile, na silabi ya mwisho ikibebwa na nota kadhaa bonyeza mstari wa chini kila nota. Shairi la pili: rudi nota ya kwanza, Ctrl+L, kisha Enter.

Pili, silabi zenyewe. Hapa kompyuta haikusaidii, na mwongozo wowote ulioandikwa kwa Kiingereza utakupotosha. Silabi zetu huishia kwenye irabu: Mu-ngu, mbi-ngu-ni, Mwe-nye-zi, ng'o-mbe. Anayeandika Mun-gu na m-bi-ngu-ni anapata silabi isiyo na nota, na kuanzia hapo maneno yote yanasukumwa hadi mwisho wa ukurasa. Kwa upande mwingine, m na n zinazosimama peke yake ni silabi kamili zinazodai nota yake: m-ta-ka-ti-fu ni tano, n-chi ni mbili. Mtunzi akiipa "mtakatifu" nota nne, wanakwaya watasema "takatifu", na hakuna programu itakayomwonya.

Kuna pale ambapo irabu mbili zinaimbwa pamoja kwenye nota moja, kama "na a" katika "na amani". Ukibonyeza nafasi, programu itakurusha hadi nota inayofuata. Bonyeza Ctrl pamoja na nafasi, na silabi zote mbili zitakaa chini ya nota moja.

Maneno yakiwa mengi, yaandike kwanza kwenye Notepad yakiwa yamekatwa kwa vistari, yanakili, chagua nota ya kwanza, Ctrl+L, kisha bonyeza Ctrl+V tena na tena. Kila mbonyezo unaweka silabi moja na kusonga mbele.

Baa ya kwanza imeharibu hesabu yote

Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. "Njoni" inaanza na mkazo, kwa hiyo inaingia vizuri kwenye pigo la kwanza. "Tuimbe" ina mkazo kwenye "i", kwa hiyo "tu" inapaswa kutangulia kabla ya pigo zito. Wengi hulisikia hilo kichwani, kisha wanaliandika "tu" kwenye pigo la kwanza la baa nzima, na kuanzia hapo kila neno linakanyagwa mahali pasipo pake. Unasikia kompyuta ikilia kama mgeni anayejifunza lugha.

Unachohitaji ni baa fupi ya kuingilia. Unapofungua wimbo mpya, programu inakuuliza kama unaitaka. Jibu ndiyo, weka robo moja. Ikiwa umeshaandika, bonyeza baa ya kwanza kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia kwenye sifa zake, punguza urefu halisi kutoka 4/4 hadi 1/4. Alama ndogo ya kutoa itakayoonekana juu ya baa ni ya kukujulisha tu. Ukiiona alama hiyo, au ya kujumlisha, katikati ya wimbo ambako hukukusudia, hapo ndipo hesabu ilipovunjika.

Kinanda hakiandiki

Vinanda vingi vya makanisani vina matundu mawili ya USB. Lile bapa ni la flashi. Lile la mraba, lililoandikwa TO HOST, ndilo la kompyuta, na waya wake ni uleule wa printa. Washa kinanda, chomeka, ndipo ufungue programu. Kukiwa na programu nyingine ya muziki iliyofunguliwa nyuma, ifunge, maana kwenye Windows anayetangulia kukishika kinanda mara nyingi hamwachii mwenzake.

Ukibonyeza ukasikia sauti lakini nota haziandikwi, hujaingia kwenye hali ya kuandika. Bonyeza N, chagua urefu wa nota, kisha bonyeza kinanda. Haitaandika unavyopiga kwa kasi yako. Inaandika nota moja moja, na ni afadhali hivyo.

Sauti ikichelewa kufuata kidole, ondoa spika ya bluetooth kwanza, ndiyo mchelewaji mkuu. Wanaotengeneza biti, yaani midundo, kwenye programu za kurekodia wapunguze ukubwa wa akiba ya sauti: kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, akiba ya sampuli 2048 ni ucheleweshaji wa milisekunde 46 hivi, sampuli 512 ni kama 12. Ukishusha mno sauti inaanza kukwaruza, hasa mchana kompyuta ikiwa ya moto na vumbi limeziba feni. Panda kidogo.

Wenye Finale

MakeMusic, watengenezaji wa Finale, walitangaza Agosti 2024 kwamba hawaiendelezi tena Finale. Iliyopo kwenye kompyuta yako haitazimika kesho, lakini haitarekebishwa pia, na siku kompyuta hiyo ikifa utabaki na mafaili ya .mus na .musx yasiyo na pa kufungulia. Kwaya zenye nyimbo za miaka kumi na tano ndani ya kompyuta moja zinapaswa kuanza leo. Ndani ya Finale, kwenye menyu ya File, kuna njia ya kuhamisha kwenda MusicXML, na matoleo ya karibuni yanaweza kutafsiri folda nzima kwa mkupuo. Faili la MusicXML linafunguka MuseScore na programu nyingine za nota kama Sibelius na Dorico. Usitumie faili la MIDI, linalobeba sauti za kupigwa tu, kwa kazi hii: itakuletea nota, lakini mpangilio wa karatasi na alama nyingi utazipoteza. Baada ya kuhamisha, kagua maneno ya shairi la pili na alama za marudio, ndivyo vinavyopotea mara kwa mara.

Karatasi imekatwa pembeni

Kompyuta iliyowekwa nchi ya Marekani hufungua kurasa za Letter, milimita 216 kwa 279. Karatasi ya steshenari ni A4, 210 kwa 297. Badilisha kwenye mpangilio wa ukurasa kabla ya kupanga mistari. Na peleka PDF, si faili la programu. Ukitaka mstari uvunjike mwisho wa sentensi ya wimbo, chagua mstari wa baa hapo ubonyeze Enter.

Umeme umekatika, wimbo haufunguki

Usihifadhi kitu kipya juu ya faili hilo. Toleo la 4 lina folda iliyofichwa iitwayo .mscbackup pale pale penye wimbo. Toleo la 3 huacha faili lililofichwa lenye jina la wimbo wako likianza na nukta na kuishia na mkato. Ruhusu Windows ionyeshe vilivyofichwa, nakili faili hilo mahali pengine, libadilishe jina liishie .mscz, lifungue.

Ikiwa wimbo ulikuwa kwenye flashi na sasa unaona vijialama vya njia za mkato tu, hicho ni kirusi cha steshenari, na nyimbo zako zipo, zimefichwa. Usibonyeze njia za mkato hizo. Fungua dirisha la amri na, kama flashi ni E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha Enter. Nyimbo zikionekana, zihamishie kwenye kompyuta iliyo safi, ndipo uifute flashi nzima.